Kitambulisho cha Lopa

Lopa, mwanafunzi aliyekuwa akijifunza kazi likizo ile katika maabara ya hospitali ya saratani huko Kolkata, alitumwa wodini kufuata chupa ya damu ya mgonjwa. Nirupam, mtoto wa mgonjwa, akamdaka mlangoni.

“Geuza hicho kitambulisho, dada, kina jina la hospitali! Mama anajua ana vidonda vya tumbo tu. Ukiropoka, umemuua!”

Lopa akakigeuza haraka, akaingia. Bibi mgonjwa akamtazama kifuani, akacheka.

“Hata wewe, mjukuu wangu? Huyo mwanangu kageuza mpaka shuka, eti nisione jina la hospitali. Sasa maandishi yamekuja upande wangu, kila nikijifunika nayasoma.” Akamshika mkono. “Usimwambie lakini. Ataacha kula.”