Mlango wa Madoadoa

Kiroboto, jina alilopewa kwa kutotulia, alikuwa amevimaliza vitabu vyote vya hadithi za mvulana mmoja wa mtaani, hata kile kilichokosa jalada. Mvulana mwenyewe hana ajabu: anatumwa chumvi, anapoteza kiatu. Lakini hujakaa vizuri, jambo limeshatokea. Kwa Kiroboto hakutokei kitu, ila siku hiyo bibi, mama yake baba, alikuwa anamletea mtoto wa mbwa.

"Nyumba ikinipotea," bibi alisema kwenye simu, "nageuza na teksi ileile, na mbwa wangu kikapuni. Magoti haya si ya kuzunguka."

Nyumba ile ingempoteaje? Baba alikuwa fundi rangi, na kila kopo jipya alilijaribia kwenye mlango wa kwake kabla ya kwenda nalo kazini. Mlango ukawa madoa matupu, mpaka mama akaona haya kupokea wageni.

Ndipo Kiroboto akapata wazo la kitabuni kabisa. Mama yuko jikoni anaimba, kopo la kijivu liko kibarazani. Akaupaka mlango juu mpaka chini, na kingo zake bila choyo, akaingia ndani, akausukuma ukakaa barabara.

Teksi ikaja. Kupitia dirishani akamwona bibi akishuka na kikapu, akautazama mlango wao, akaupita. Kiroboto akashika kichwa. Milango yote ya mtaa huo ilikuwa ya kijivu, na aliyeipaka ni baba.

Akauvuta mlango. Akauvuta tena, mguu kauweka ukutani. Kingo zilikuwa zimegandana.

"Mama, mlango umekataa."

"Mlango unakataaje? Umeufanya nini?"

"Nimeupendezesha."

Nje bibi alikuwa anamwambia dereva, "Twende zetu, baba. Mwanangu kahama bila hata kuniaga."

Kiroboto akabana uso kwenye nondo za dirisha, akapiga mluzi. Kikapu kikatikisika. Mtoto wa mbwa akachomoka, akaurukia mlango, akateleza, akaurukia tena. Bibi akamfukuzia, akajishika mlangoni asianguke. Dereva akaja kumdaka bibi, akaacha alama ya bega zima.

Bibi akarudi nyuma kidogo. Nyayo, kiganja, bega: mlango ulikuwa madoa tena.

"Si ndiyo nyumba yenyewe hii," akasema. "Fungueni, mnanificha nini?"

"Sukuma, mama mkwe," mama akajibu kutoka ndani, kicheko kimembana. "Sisi tunavuta."

Mlango ukaachia ghafla. Bibi, dereva na mbwa wakaingia sebuleni kwa mkupuo mmoja na kuwaangukia wenyeji, na hakuna aliyeinuka bila ukijivu. Mama alicheka mpaka akakaa chini tena.

Jioni baba akarudi na kopo la njano. Akautazama mlango juu mpaka chini.

"Nani kanifutia sehemu yangu ya kujaribia?"

Kiroboto, kamkumbatia mbwa mwenye masharubu ya kijivu, akamwonyesha kona ya chini.

"Hapa hajafika mtu, baba. Jaribia."