Sindano ya Bibi Ardis

Chuoni kwetu hapa Minnesota kuna somo la kujifunza kuwa mti. Msicheke, kuna waliolifeli. Mimi nawashonea mavazi wanafunzi wa maigizo, mwaka wa thelathini na moja huu, na nimeshamvalisha mtoto wa hakimu akawa kabichi.

Lakini kuna sheria moja hata kabichi anaiheshimu. Mtu yeyote akiona hatari jukwaani hupiga kelele: "Ganda!" Wote wanaganda walivyo. Na wa kuwagandua ni mmoja tu, meneja wa jukwaa, kwa kinywa chake mwenyewe: "Endeleeni." Asiposema, watakaa hapo mpaka theluji iyeyuke.

Jumamosi ile meneja alikuwa Marit, binti mwembamba mwenye penseli tatu kwenye nywele. Alishafeli mtihani wake wa mwisho mara moja, taa zilipomzimikia katikati ya onyesho. Akifeli tena, shahada hakuna. Watahini watatu walikuwa wanakuja saa nane mchana kumwona akiendesha mchezo wa harusi ya wafuga nyuki.

Saa nane kasorobo waigizaji wanapasha misuli moto, mimi nahesabu sindano zangu. Moja haipo. Na watoto wote kumi na mmoja wako pekupeku, maana mwandishi wa mchezo alishikilia kwamba nyuki havai viatu, basi na mfugaji wake asivae.

"Ganda!" nikapiga yowe.

Wakaganda. Bwana harusi, Wendell, alikuwa na mguu mmoja hewani, midomo kaichongoa, imebaki inchi moja kumfikia bibi harusi.

"Nani kaita?" Marit akauliza.

"Mimi, mwanangu. Sindano imeanguka."

"Asante, Bibi Ardis. Nafuata sumaku."

Akaenda stoo, mwisho wa korido, nami nyuma yake. Mlango ukajibamiza, kitasa kikaanguka upande wangu.

"Bibi Ardis! Nimejifungia! Waambie waendelee, ila watazame wanapokanyaga!"

Nikarudi mbio. "Marit kasema endeleeni."

Hakuna aliyesogea. Wendell akasema bila kutikisa mdomo, kama mtu mwenye kiazi cha moto kinywani, "We si meneja, Bibi."

"Kanituma yeye!"

"Lazima tusikie sauti yake."

"Mjukuu wangu, mguu wako unatetemeka."

"Ndio sanaa hiyo."

Hapo akaingia Curtis, kaleta piza tano. Curtis alihitimu maigizo hapahapa miaka miwili iliyopita. "Piza za nani hi… Mmeganda?"

"Mm," wakaguna.

Naye akaganda, maboksi kayainua juu ya kichwa. Elimu haimtupi mtu.

Nikachukua mkasi wangu nikamfungue Marit, maana ncha yake hufungua chochote. Kabla sijafika mlangoni, watahini hao, wakaketi. Profesa Ingersoll, ambaye hajawahi kusifu kitu tangu nimjue, hata keki yangu ya ndizi. Mwenzake wa maigizo kutoka chuo jirani. Na bwana mmoja wa kemia, kwa sababu chuo chetu kinataka kila mtu aonje kila chungu.

"Mnamwona huyo wa piza?" Ingersoll akanong'ona. "Amebeba njaa ya taifa zima."

"Na busu lisilofika!" mwenzake akajibu, anajifuta machozi.

Bwana wa kemia akatazama saa.

Nikaurudisha mkasi mfukoni. Chungu kikichemka vizuri, hukiepui.

Dakika arobaini. Mate ya Wendell yakashuka kama uzi mpaka sakafuni, Ingersoll akayaandikia ukurasa mzima. Goti la Wendell lilipoanza kugonga kama cherehani, nikaenda kufungua.

Marit alitoka macho mekundu. "Wamefika?"

"Wamefika."

"Wanasubiri nini?"

"Neno lako, mama."

Akasimama mlangoni, sumaku mkononi, sauti imekauka. "Endeleeni."

Wendell akamwangukia bibi harusi, busu likatua puani. Piza zikamwagika. Watahini wakasimama kupiga makofi. Kisha mchezo wenyewe ukachezwa, na Ingersoll akaandika kwamba sehemu ya pili imeharibiwa na maneno.

Mwisho akamwita Marit, karatasi ya alama iko mezani, yeye na mwenzake wameshatia sahihi, bado yule wa kemia tu. "Binti, huo ujasiri wa kutuweka kimya dakika arobaini uliutoa wapi?"

Marit ni mtoto mkweli, Mungu amsaidie. Akafungua mdomo. "Profesa, kusema kweli mimi nilikuwa nime…"

"Ganda!" nikapiga yowe.

Akaganda, mdomo wazi. Ingersoll naye akaganda, na mwenzake, na Wendell akiwa na kipande cha piza alichokiokota sakafuni. Ukumbi mzima kimya. Bwana wa kemia, asiyezijua sheria zetu, akawatazama mmoja mmoja, akatazama saa, akatia sahihi: amefaulu. Akavaa koti, akaondoka.

Nikamkonyeza Marit.

"Endeleeni," akasema polepole. "Kuna nini tena, Bibi Ardis?"

"Sindano, mwanangu. Nimeiona."

Ilikuwa kwenye kola ya sweta yangu, nilipoichomeka mwenyewe asubuhi.