Ndoo Mbili za Mpishi

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na saba ya mwezi wa pili, baada tu ya chai ya asubuhi. Mpishi wa shule aliapa kwamba walioyaharibu ni wakubwa.

Siku hiyo mkaguzi alikuja kumpima binti wa mpishi, mwalimu wa sayansi. Akifaulu, angebaki palepale. Akishindwa, angehamishwa mbali, na mpishi, ambaye mkewe alishatangulia mbele ya haki, angebaki kula chakula cha jioni akitazamana na ukuta.

Somo lilikuwa la bahari mbili. Mezani palikuwa na tangi la kioo lenye kibao katikati: huku maji ya chumvi yenye rangi ya buluu, kule maji matamu yenye rangi nyekundu. Bomba la maabara lilikufa mwaka juzi. "Linashughulikiwa," mkuu wa shule alisema kila muhula. Basi ndoo zote mbili zilitoka jikoni, na mpishi aliyezibeba akabaki mlangoni kutazama.

Ustadhi wa shule, aliyealikwa kufungua somo, alisoma aya ya sura ya Furqani, akaifafanua: Mwenyezi Mungu ameziacha bahari mbili zikutane, hii tamu ya kukata kiu, hii ya chumvi kali, na kati yake ameweka kizuizi.

"Sasa tazameni," mwalimu akasema. "Maji ya chumvi ni mazito, yatapita chini. Matamu yatakaa juu."

Akachomoa kibao. Buluu na nyekundu zikakumbatiana kama mashemeji waliopoteana, tangi zima likawa zambarau.

"Mwalimu," mkaguzi akauliza, "kizuizi kimeenda likizo?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akachovya kidole kwenye ndoo ya maji matamu, akalamba, akakunja uso.

"Baba! Na hii umetia chumvi?"

"Sasa mwanangu, maji yatoke jikoni kwangu yamepooza? Watu wangenionaje?"

"Nilikuambia ndoo moja!"

"Masikio yalisikia. Mkono ndio haukusikia. Na lawama si yangu, ni ya mkuu. Angetengeneza bomba, maji yangepitia kwangu kutafuta nini?"

Mkuu, aliyekaa kando ya mkaguzi, akakohoa. Mkaguzi akacheka hadi akavua miwani. "Mzee ana hoja. Haya, rudieni."

Mpishi akatoka mbio. Alirudi na ndoo ya maji matamu mkono wa kushoto, wa kulia kauficha mgongoni usije ukamponyoka tena.

Tangi likamwagwa, likajazwa upya. Kibao kilipochomolewa, buluu ikateleza chini polepole, nyekundu ikapanda juu, na katikati ukabaki mstari mwembamba kama uzi.

"Subhanallah," ustadhi akanong'ona.

"Hata baharini ni hivyo," mwalimu akasema, sauti imemrudia. "Huchanganyika, lakini taratibu, na kila maji hushika tabia yake kwa muda."

Mkaguzi akafunga kalamu. "Mwalimu huyu haendi popote. Na bomba litengenezwe."

"Nikisema mimi, naitwa mlalamishi," mpishi akanung'unika, huku meno yote yako nje. Kisha akasogea mezani, akachomoa kijiko mfukoni.

"Baba, usiguse! Utavuruga!"

Kijiko kikabaki hewani. Mpishi akamtazama ustadhi, akamtazama mkaguzi, akamgeukia binti yake.

"Juu tamu, chini chumvi, nimekubali. Lakini pale kwenye uzi wenyewe, wataalamu, ladha yake ikoje?"