Radhi ya Kalasinga

Katika ukoo wa Mzee Abdullatif mtu hafi siku moja. Kwanza husemwa "hawezi kidogo." Baada ya wiki, "kalazwa." Halafu "madaktari wanajitahidi," halafu watu wanaanza kunong'ona jikoni, mpaka yule mzee anayefichwa habari achoke mwenyewe na kusema, "Basi semeni keshakufa, tumsomee hitima tupate kula." Ndivyo walivyofanya kwa dada yake wa Bujumbura, ndivyo walivyofanya kwa shemeji yake wa mji wa Adam, na ndivyo mwanawe Ghanim alivyoamuru wafanye mwezi wa Machi, habari zilipotoka India kwamba Mohinda Singh amefariki.

"Moyo wa Mzee umepasuliwa mwaka jana tu," alimwambia binti yake, Radhia. "Anza polepole. Leo mwambie anakohoa."

Radhia alikuwa na miaka ishirini na sita na kazi ya kuandikisha wanafunzi katika chuo pale Ibra, Oman. Tena yeye ndiye aliyekuwa macho ya babu yake, maana ya mzee yalikuwa yamebakiwa na mwanga na vivuli tu. Kila alasiri, baada ya kahawa na tende, alishika simu ya babu na kumsomea. Na mwandishi mkubwa wa simu hiyo alikuwa Mohinda, Kalasinga wa Tabora, fundi wa gereji, rafiki wa mzee tangu enzi mzee alipokuwa na malori mawili ya kubebea tumbaku. Mmoja alirudi Oman, mwingine akaenda Punjab. Wakapoteana karibu miaka arobaini, mpaka simu za kisasa zikawakutanisha. Sasa, wote wawili wamevuka themanini, walikuwa wakipanga jambo la kichaa: waende milima ya kaskazini ya India mwezi wa Agosti, waone bonde linalofunikwa na maua miezi miwili tu kwa mwaka, halafu wapande juu zaidi, mpaka ziwa la maji ya barafu ambako Makalasinga huenda kuhiji.

"Mwislamu wa Ibra anakwenda kuhiji kwa Makalasinga!" Ghanim alicheka alipoambiwa.

"Yeye anaenda kwa Mungu wake. Mimi naenda kutazama maua," mzee akajibu.

"Kwa macho gani, Baba?"

"Nitayanusa. Wewe kinakuwasha nini?"

Basi siku ile ya Machi Radhia akasoma kwamba Mohinda anakohoa. Mzee hakugusa chakula cha jioni. Kesho yake hakunywa hata kahawa, alikaa tu na kanzu yake ya jana akiuliza kama simu imelia. Siku ya tatu Radhia alimwonea huruma, akaitazama skrini ambayo haikuwa na kitu, akasoma: "Latifu bana, kikohozi si kitu, kimenikausha sauti tu, ndiyo maana naandika. Tupange siku zetu." Mzee akaagiza wali. Alikula sahani mbili.

Hapo ndipo msichana alipojifunga kamba mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini ya Radhia ilianzia Delhi, ikapita Rishikesh, ikapanda na mto siku mbili kwa gari, ikafika Govindghat na kuendelea kwa miguu mpaka kijiji cha Ghangaria. Alisoma kila alichokipata kuhusu mahali hapo, akakiandika kwenye karatasi, ili maiti aweze kupanga safari vizuri. Alijua kwamba farasi hupanda mpaka ziwani lakini hawaruhusiwi bondeni. Alijua kwamba juu kule hakuna anayelala, mahujaji hufunika vichwa, hula uji wa mchele na dengu, hunywa chai ya moto, na mchana hawakawii kuteremka. Alijua ua jeupe linaloota karibu na ziwa na ua la buluu linaloota bondeni. Vile vilivyokuwa vigumu alivilainisha. Njia mbaya zikawa nzuri, na hewa ya juu ikawa kama ya mlima wao wa Jabal Akhdhar. Mzee naye alijibu kwa sauti, dakika tano, dakika kumi, na sauti zake zikaenda kwenye simu iliyozimwa, kila moja na alama yake moja ya kijivu kando, ya ujumbe usiofika. Ghanim alijua yote hayo na akakaa kimya. Alikuwa akiona sahani za baba yake zinarudi tupu.

Ili asikosee lugha, Radhia alirudia kusikiliza sauti za zamani za Mohinda. Alikuwa na sauti ya mikwaruzo, na kila neno zito alilitanguliza kwa "sikiliza." Latifu bana, sikiliza. Baada ya mwezi Radhia hakuhitaji tena kuzifungua. Aliisikia sauti ile akiwa kazini, katikati ya foleni ya wanafunzi. Aliisikia kwenye gari njia ya Nizwa, chini ya mvumo wa kiyoyozi, sikiliza, na mara mbili alizima kiyoyozi kwenye joto la Mei ili ajue kama kuna mtu. Siku moja, akiwa anasoma skrini tupu kama kawaida, alijisikia anasema, "Na usisahau lile sweta lako la kijani, lenye kiwiko kilichotoboka." Babu alicheka mpaka akashika kifua. "Analikumbuka! Nilikuwa nalo Tabora, nikilivaa safari za usiku!" Radhia hakuwahi kusikia habari za sweta hilo. Alizitafuta sauti zote za Mohinda na hakulikuta. Alimuuliza baba yake, naye hakulijua. Usiku huo alilala na taa, mtu mzima na kazi yake ya serikali, na hakuona aibu.

Ilipofika katikati ya Mei, mzee alitaka kujipima pumzi. Ijumaa moja asubuhi Radhia akamkodia gari la milimani pale Nizwa, wakapanda Jabal Akhdhar. Msimu wa mawaridi ulikwisha, vichaka vimebaki na majani, lakini maji yalikuwa yakitiririka kwenye falaji, mifereji ya mashambani, na hewa ilikuwa baridi. Mzee alitembea na mkongojo wake kidogo, akasimama, akatembea, akaketi juu ya ukuta wa mawe akihema.

"Nipe simu," alisema. "Kisha sogea kule. Haya ni ya wanaume."

Radhia akasogea kwenye mikomamanga. Kwao msafiri wa mbali haondoki bila kutaka radhi: kwa mke, kwa jirani, hata kwa muuza duka wa pembeni, kwa sababu huenda asirudi. Na jibu lake halifikiriwi, linatoka kama chafya: nimekusamehe dunia na akhera. Mzee aliongea muda mrefu, mgongo umeinama, mdomo karibu na simu. Radhia hakusikia neno. Alipoitwa, babu yake alimrudishia simu.

"Nimemtaka radhi. Nisomee akijibu."

Angeweza kusema mtandao umekatika. Ni mlimani, nani angebisha? Angeweza kwanza kuisikiliza sauti ile. Lakini mzee alikuwa amemwelekezea uso wake wote, akisubiri kama mtu aliye mlangoni mwa daktari, na Radhia alikuwa amelelewa kwao.

"Ameshaandika, Babu. Anasema: Nimekusamehe, Latifu bana. Dunia na akhera."

"Amesema akhera?"

"Ndiyo."

"Kalasinga yule!" mzee akasema, akaanza kulia. "Amenisamehe kwa maneno ya kwetu, ili nisiwe na shaka. Alhamdulillah." Akafuta uso kwa ncha ya kilemba. "Sasa hata wewe naweza kukwambia."

Akamwambia. Mohinda alikuwa na mdogo wake, Balbir, kijana wa miaka ishirini na mbili, aliyeendesha lori moja la mzee. Mwaka sabini na nne lori lile lilikatika breki kwenye mteremko wa Sekenke, Balbir akafa. Siku moja kabla yake, Mohinda mwenyewe alikuwa amefunga silinda mpya ya breki, kazi safi, akalijaribu, akaenda nyumbani. "Baada yake mimi niliifungua," alisema mzee. "Mikono hii. Lori la pili lilikuwa na mzigo wa Dar na silinda yake ilikuwa imekufa. Nikaitoa ile mpya nikalifungia, la Balbir nikalirudishia ile kuukuu. Nikasema Balbir haendi mbali, akirudi nitabadilisha. Sikumwambia mtu. Pale Sekenke Mohinda akasimama mbele ya polisi akasema, kazi ni yangu, nimekosea mimi. Nami nilikuwa nimesimama pembeni yake, mjukuu wangu, nikanyamaza."

"Hukumwambia baadaye?"

"Kila siku nilisema kesho. Yeye hakushika spana tena. Akauza vitambaa."

Njia nzima ya kurudi Ibra mzee alilala, mdomo wazi. Radhia aliendesha akiwaza. Alijua kama anavyojua mtoto yeyote aliyesoma dini: dhambi baina yako na Mungu, Mungu huisamehe, lakini haki ya mja haisamehewi mpaka mwenyewe mja aiachie. Na mwenyewe alikuwa amekufa tangu Machi. Radhia alikuwa ameiachia haki isiyo yake, na mzee ataingia nayo kaburini akidhani amelipa. Siku zilizofuata babu alichangamka kuliko wakati wowote. Aliimba akitawadha. Alimtania Ghanim. Kila alipocheka Radhia alisikia sikiliza, karibu kabisa, na sauti haikuendelea. Ilisema hivyo tu, ikangoja.

Siku ya nne, mchana, akiwa kwenye maegesho ya chuo, alifungua simu ya babu, ambayo tangu mlimani hakuiacha tena nyumbani. Alama zilikuwa zimegeuka buluu: kuna mtu amezisikiliza sauti. Zote, za miezi miwili. Chini yake kulikuwa na sauti mpya kutoka kwa Mohinda.

Ilimchukua muda kuifungua. Aliyesema alikuwa mwanamke, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tabora, kimekauka kwa kutotumika.

"Mzee Latifu, mimi Manjit, binti yake. Ulikuwa unanibeba mabegani. Nimewasha simu ya baba nitafute picha, nikakuta unaongea na maiti. Nilidhani umechanganyikiwa. Halafu nikafika kwenye hii ya mwisho. Nimesikiliza mara tatu." Hapo zilisikika honi za barabarani. "Baba yangu kila mwaka siku ya ajali ile hakula. Wiki aliyokufa alikuwa ananiuliza, Manjit, ni bolti ipi nilisahau kukaza? Nikamwambia hakuna, baba. Hakuniamini. Amekufa anahesabu bolti. Sikiliza, mzee. Mimi sitakusamehe kwa simu. Tarehe kumi na mbili Agosti nitakuwa kule ziwani, mahali alipotaka kwenda, nimwombee yeye na amu Balbir. Ukitaka radhi, njoo uniambie mbele ya uso wangu. Usipokuja, nakuachia Mungu."

Radhia hakurudi kazini. Alikwenda nyumbani moja kwa moja, akamkuta babu barazani na Ghanim kando yake, akapiga magoti chini. Alisema yote mara moja, bila kikohozi, bila kulazwa. Mohinda amekufa. Amekufa tangu tarehe kumi na sita Machi. Kisha akacheza sauti ya Manjit.

"Radhia!" Ghanim aliruka. "Utamuua!"

Mzee aliinua mkono, Ghanim akanyamaza. Sauti ilipokwisha aliomba irudiwe pale kwenye bolti. Aliisikiliza ameinamisha kichwa. Uso wake ulikuwa umeshuka, ukazeeka mbele yao, na kwa mara ya kwanza Radhia aliogopa kwamba baba yake alisema kweli.

"Basi nani alinisamehe kule Jabal Akhdhar?"

"Mimi, Babu. Nisamehe. Wallahi sikujua ni nini. Nilidhani ni radhi ya safari."

"Ukajibu bila kusikiliza."

"Ndiyo."

Mzee akaupapasa mkongojo wake. Nje jirani alikuwa akimwagilia mitende yake, maji yakisikika yanapiga ndoo.

"Chukua hiyo karatasi yako ya safari," alisema hatimaye. "Ufute yote uliyonidanganya. Uandike ya kweli."

"Haiwezekani, Baba," Ghanim akasema. "Ziwa lile liko juu mara mbili ya Jabal Akhdhar na zaidi. Juzi kule ulishindwa kuumaliza kwa miguu ukuta mmoja wa shamba. Daktari hatakubali. Farasi wenyewe wanachoka."

"Daktari hakuua ndugu ya mtu."

"Na ukifa njiani?"

Mzee alimtafuta Radhia kwa mkono mpaka akamshika bega. Mkono wake ulikuwa mzito, na haukuwa na hasira, ambayo Radhia angeivumilia vizuri zaidi.

"Nikifa njiani mnizike hapo hapo," alisema. "Radhia ataendelea kupanda. Atamwambia Manjit kila kitu, kwa jina langu, halafu ataomba radhi na kungoja ajibiwe. Kujibia watu anajua. Safari hii atakuwa ametumwa."

 Radhia alikaa na mkono ule begani mwake mpaka adhana ya alasiri ilipokwisha, kisha akachukua simu yake na kuanza kutafuta tiketi mbili za Delhi.