Wembe Pande Nne

Nyuma ya nyumba yake mle Likasi, fundi Barthélemy aliipanga moteri ya mazutu, yaani dizeli, ndani ya boti ya chuma iliyokaa juu ya magogo, siku sita, mpaka ikanyooka na mhimili wake. Visahani viwili vya chuma, kimoja cha moteri, kimoja cha mhimili wa propela, vilitazamana uso kwa uso, na wembe ulipita katikati yavyo pande zote nne kwa ugumu uleule. Halafu lori likaibeba boti hadi ziwa la Mwadingusha, ikashushwa majini, na wembe ukagoma. Chini haupiti. Juu zinapita nyembe tatu. Ikiwashwa hivyo, mhimili utavunjika.

"Eh, fundi!" akacheka mkubwa wa chama tawala, ndani ya abacost mpya, ile suti isiyo na tai, na wachezaji wake ishirini wa kuimba sifa za chama nyuma yake. "Saa sita ikifika boti haiyatembea, minachukua moteri. Iko mashini yangu ya kusaga unga, inaingoja."

Ndivyo walivyo wakubwa: jasho lako, unga wao.

Mama Emérance, aliyewakusanya wauza samaki wenzake hata wakainunua boti hiyo, akamshika fundi kiwiko. "Baba, usiniue. Samaki zetu zinaozea njiani kila juma."

"Mama, chuma ya boti ni kama mgongo. Juu ya magogo inanyooka, kwa maji inalegea. Tukipakia samaki, italegea tena. Sasa nipange boti tupu ya nini? Iko wapi mzigo?"

Nyavu zilikuwa bado ziwani, samaki hawajafika. Barthélemy akatazama huku na huku, na macho yake yakatua kwa wachezaji, wanene, wameshiba. Akawanyoshea kidole.

"Samaki ni hawa! Ingieni wote, mukae chini. Bila kucheza!"

"Na miye?" akauliza mkubwa.

"Weye wa kwanza, Citoyen, mwananchi wa kweli. Weye ndiye mwenye kilo."

Ufukwe mzima ukaangua kicheko. Angekataa, wangesema anaogopa maji. Akaingia na wachezaji wake, akakaa juu ya gunia, na boti ikazama kiasi cha kiganja.

Barthélemy akalegeza bulon, zile boliti za kushikilia moteri, akasukuma kipande cha bati chini ya miguu yake ya mbele, akakaza, akapima, akatoa, akatia chembamba zaidi.

"Usipumue, Citoyen!" akaita Mama Emérance kutoka usukani. "Samaki hapumui!"

Wembe ukapita chini. Kulia, ukapita. Kushoto. Juu... ukapita!

Akafunga bulon za visahani, akashika mkono wa kuwashia, akazungusha kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Moshi mweusi. Kimya. Akazungusha tena. Tu, tu, tutututu! Akaitia gia, na boti ikachomoka bila kutetemeka, saa sita haijafika, wanawake wakikimbia ufukweni kwa vigelegele.

Mkubwa akainuka na karatasi yake ya hotuba: "Kazi hii, kwa uongozi wa chama..."

Barthélemy akaongeza mazutu. Ngurumo ikayameza maneno yote, na wachezaji, kwa kutomsikia mkubwa wao, wakaanza kumwimbia Mama Emérance.