Makubazi ya Mzee Abilahi

Alivua makubazi mlangoni kama wafanyavyo wote, akapiga hatua mbili ndani, akasimama. Macho yake yalitua kifuani pangu, penye kitambulisho. Alikisoma polepole, midomo ikitembea: Cletus Ngonyani, mwanafunzi, saikolojia tiba. Kisha akageuka, akarudi mlangoni, akayaokota makubazi yake, akayabana kwapani, ndipo akaja kuketi.

Siku hiyo niliandika kwenye faili: Mteja ana mashaka yasiyo ya kawaida juu ya mali zake.

Sentensi hiyo niliipenda. Ilikuwa fupi, haina neno la ziada, na wakati ule nilikuwa kijana wa kupenda sentensi zangu mwenyewe. Kutunga mashairi nilijifunza peke yangu, nikiwa kidato cha pili, kwa kunakili ukurasa wa washairi gazetini na kuhesabu mizani kwa vidole chini ya dawati. Hakuna aliyenifundisha, na nilihakikisha kila mtu anajua kwamba hakuna aliyenifundisha. Shahada ya kwanza niliipata hivyo hivyo, kwa hasira. Sasa nilikuwa mwaka wa pili wa uzamili, nimepangiwa mazoezi katika mji niliozaliwa, kwenye chumba kidogo nyuma ya kliniki ya meno, ambako ukinyamaza unawasikia watu wakingojea kung'olewa. Oktoba ningehitimu. Mama alikwishawatangazia mtaa wetu wote wa Mtanda.

Na uongo wa sentensi ile ni huu: nilijua. Mtoto yeyote wa Lindi anajua. Mmwera akimwona Mngoni huficha viatu, kwa sababu Mngoni ni mwizi. Mngoni naye humuuliza Mmwera kama bado anamlilia babu yake aliyebebwa mateka. Hakuna anayekasirika. Vita vya mababu viligeuka utani zamani, na mtani ndiye mtu pekee anayeweza kukutukana mbele ya wakwe zako ukamshukuru. Baba yangu aliletwa huku kutoka Songea na kazi ya barabara, akakaa miaka thelathini akifichwa viatu, na alipokufa sijapata kuona mazishi yaliyojaa vicheko kama yale.

Lakini mimi nilikuwa nimesoma. Nilikuwa nimefundishwa kwamba tabibu hajianiki mbele ya mteja, na fundisho hilo lilinifaa kama nguo iliyokatwa kwa kipimo changu. Nilikuwa nimetoka mbali mno kuwa Mngoni wa mtu.

Mzee Abilahi alikuwa mkulima wa korosho wa Nyangamara, umri wa miaka sitini hivi, mrefu, amekonda mpaka kola ya shati inamzunguka. Aliletwa na binti yake, Moza. Kwa karibu mwaka mzima alikuwa hali vizuri wala halali. Madaktari walipima moyo, sukari na ini, hawakuona kitu, wakamwelekeza kwetu mwisho wa ukumbi. Fomu yake ilikuwa na mstari mmoja wa maana: mdogo wake, Nurdin, alifariki kwenye mafuriko ya mwaka jana.

"Kwenu ni wapi, daktari?" aliniuliza, ingawa alikuwa ameshasoma.

"Tupo hapa kukuzungumzia wewe, mzee."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akasema babu zangu walipokuja kwao na mikuki walikuta korosho, wakazitafuna na maganda yake, wakarudi Songea midomo imevimba kama ya punda. Haishangazi mjukuu wao kushindwa kufungua mdomo. Nilimtazama kwa ule utulivu niliofundishwa. Nikamuuliza usingizi humjia saa ngapi.

Vikao vitatu vilikwenda hivyo, kila Jumanne. Yeye alitupa neno, mimi niliinama likapita, nikamwuliza swali kutoka kwenye karatasi. Kikao cha tatu maneno yake yalikuwa machache, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba na kuanza kuamini kwamba hamna watu. Jumanne ya nne hakuja. Niliandika: Mteja ana uhasama kwa mtoa tiba. Hajawa tayari kusaidiwa. Hiyo nayo niliipenda.

Msimamizi wangu alikuwa Dokta Dativa, mama wa Bukoba mwenye sauti ya chini na saa kubwa ya mkononi. Kila kikao tulikirekodi kwa ridhaa ya mteja, naye alikisikiliza pamoja nasi wanafunzi huku akipima kwa saa nani amezungumza dakika ngapi. Wiki hiyo alisikiliza kikao changu cha kwanza na Mzee Abilahi, macho kwenye saa yake mpaka mwisho.

"Dakika hamsini," alisema. "Ishirini na tisa ni zako. Ulikuwa unamtibu nani?"

Nikaanza kueleza kwamba mteja alikuwa mgumu, kwamba ilibidi nishike usukani. Akainua kidole.

"Thelathini," alisema.

Nilidhani atanifukuza, au mimi nitaondoka mwenyewe na kubamiza mlango. Badala yake alirudisha sauti nyuma, akaniambia nisikilize mzee ananipa nini, niache kusikiliza ananitupia nini.

Nikasikiliza, kikao hicho na viwili vilivyofuata. Ilikuwepo sauti yangu, laini na baridi kama vigae vya bafuni. Na katikati yake ilikuwepo ile nyingine, niliyokuwa nimeichukulia kama kelele za kliniki ya meno. Unakaa kama umemeza mwiko, Mngoni. Nurdin angekuona angecheka mpaka apige chafya. Huo mwendo uliokuja nao pale mlangoni ni wa Nurdin na gambuti zake, alizivaa masika na kiangazi, zimemzidi namba mbili, akitembea kama bata aliyeshiba. Unaandika tu, unaandika tu. Nurdin naye alikuwa hivyo, akiazima kitu anaandika ukutani kwa mkaa, na asirudishe.

Katika vikao vitatu alikuwa amemtaja mdogo wake mara tisa, na mara zote tisa ndani ya mzaha alioulenga kwangu. Mimi, mwenye masikio ya kunasa kina kilichopinda hata redioni, sikuwa nimesikia hata mara moja.

Nilimpigia Moza simu. Wiki ile alikuwa anakuja mjini kununua salfa ya kupulizia mikorosho, akapita kliniki, akaketi kwenye kiti cha baba yake na mkoba mapajani. Alinieleza taratibu, bila kulia, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Siku ya mafuriko Nurdin alivuka kijito kufuata mbuzi. Alivua gambuti ukingoni ili asiteleze. Walimpata siku ya pili yake. Sasa, familia yao ilikuwa na mtani wake, Mzee Stephano, Mngoni aliyehamia Somanga, ambaye aliwazika babu na bibi na wazazi wote. Katika msiba wa baba yao alijilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe jogoo, na watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Lakini maji yalikuwa yamekata barabara kulekule Somanga, madaraja yamekwenda. Mzee Abilahi alisimama makaburini akitazama njia mpaka sheikh akamwambia maiti haingoji. Nurdin akazikwa kimya. Barabara ilipofunguliwa Stephano alikuwa mgonjwa, na kabla ya mfungo naye akafa.

"Gambuti zipo mpaka leo pale mlangoni, kaka," Moza alisema. "Baba hazigusi wala hataki ziguswe. Anazipita kwa ubavu, kama amekaa mtu."

Akakitazama kitambulisho changu.

"Siku ile ya kwanza alipotoka humu aliniambia, wameniletea Mngoni. Njia nzima alikuwa na furaha."

Nimepata kushindwa mitihani, nimepata kukataliwa na wasichana na wahariri. Sijapata kuambiwa jambo lililonikalisha chini kama hilo.

Hitma ya mwaka ya Nurdin ilikuwa Jumamosi. Nilikwenda kwa Dokta Dativa nikiwa tayari kugombana, lakini hakunipa nafasi. Alisema tabibu haendi kula pilau nyumbani kwa mteja wake, na kwamba sheria hiyo ina sababu zake na mimi nazijua. Nikienda, nitakuwa nimekwenda kama mtani. Atazifuta saa zangu zote za mazoezi kwa mzee huyu. Nitaanza upya na mteja mwingine, na Oktoba sitahitimu.

"Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge. "Hata kwetu tuna watani," alisema. "Na sijakwambia usiende."

Njia nzima ya kwenda Nyangamara nilitunga. Ubeti mmoja, mishororo minne, vina havina kasoro, unamwumbua Nurdin kuanzia utosi mpaka unyayo. Niliuhesabu kwa vidole mara mbili. Nilijiambia kwamba kama nitapoteza mwaka, basi mwaka huo ulipiwe kwa ubeti utakaokumbukwa.

Nilifika kisomo kimekwisha. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka chini ya mikorosho, masinia yakianza kutoka. Mlangoni zilikuwepo gambuti, vumbi limejaa kwenye mikunjo, na moja buibui alikuwa ameitandia mdomo. Mzee Abilahi alikuwa ameegemea ukuta. Aliniona, akageuza uso. Aliona daktari amekuja.

Nikafungua mdomo, na ubeti wangu ukawa kama suti shambani. Niliuona wote, herufi kwa herufi, na hapakuwa na mahali pa kuusimamisha. Hivyo nikafanya nilichokuwa nikimwona baba akifanya. Nilijitupa chali katikati ya mkeka, viatu na vyote, nikapandisha mguu juu ya mguu, nikauliza ni Mmwera gani huyu aliyethubutu kufa mwaka mzima bila kuomba ruhusa kwa Wangoni.

Sheikh alisimamisha tasbihi kidoleni, akawatazama wazee. Mzee mmoja akamwonyesha ishara ya mkono: mwache.

Nikainuka. Nikatanua miguu, nikaelekeza vidole nje, tumbo mbele, nikatembea kuizunguka mikeka kana kwamba viatu vimenizidi namba mbili, kama bata aliyeshiba. Nikamwomba kila niliyempita aniazime kitu, nikajifanya kuandika hewani kwa mkaa. Nilipofika kwenye sinia nikapiga chafya.

Nyuma ya mlango bibi mmoja alicheka, akajizuia, akacheka tena. "Nurdin huyo," alisema. Basi kicheko kikatambaa mkeka kwa mkeka, wengine wameziba nyuso kwa kofia zao.

Mzee Abilahi hakucheka. Aliinuka, akapita katikati ya masinia, akaja mpaka pumzi yake ikanifikia.

"Mngoni," alisema. "Umechelewa."

"Barabara ilikatika," nikamjibu.

Akanikamata shati, palepale ambapo siku nyingine hukaa kitambulisho, akalia. Alilia huku watu wakicheka kumzunguka, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Nilikula, nikashiba. Wakati wa kuondoka niliyaona makubazi yake pembeni mwa mkeka, nikayabana kwapani, nikashika njia. Anachobeba mtani msibani hakidaiwi siku hiyo. Huna budi kumfuata kwake. Nyuma yangu nilimsikia akiwatukana babu zangu, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya koo lililopona.

Nilihitimu mwaka uliofuata, kwa kesi nyingine, yenye saa kamili. Mama alilazimika kuwatangazia Mtanda upya, na hakunisamehe upesi. Mzee Abilahi ameniruhusu kuyaandika haya kwa sharti moja, kwamba nieleze waziwazi kuwa aliyekosea ni Mngoni. Nimeeleza.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni Jumanne iliyofuata hitma ile. Dokta Dativa alikuwa amesema mgonjwa bado ni mgonjwa, kama atakuja lazima apokelewe, na saa hizo hazitahesabiwa kwa mtu. Nilikaa na makubazi chini ya kiti changu. Saa nne na nusu nikasikia hatua kutoka upande wa kliniki ya meno, nzito, zinazokokota, hatua za mtu ndani ya viatu visivyo vyake.

Aliingia na gambuti. Zilikuwa zimeoshwa, zinang'aa. Mlangoni hakuzivua.

"Mwizi hakuniachia kingine cha kuvaa," alisema, akaketi.

Nikampa makubazi yake. Aliyageuza, akakagua soli kama aliyeshuku kwamba nimeyachezea ngoma, akayaweka mapajani. Nilikuwa na maswali yangu kwenye karatasi. Nikaigeuza karatasi. Upande wa pili wa ukuta mtu aliguna, kisha chuma kikaanguka kwenye bakuli. Mzee Abilahi alizitazama gambuti zile muda mrefu, ncha kwa ncha, pale sakafuni.

"Wale mbuzi walikuwa wangu," alisema. "Mimi ndiye niliyemtuma."

Akaendelea.

Dokta Dativa alipokisikiliza kikao kile alipima kama kawaida yake. Dakika nne zilikuwa zangu. Aliiandika namba hiyo kwenye karatasi ambayo haikuwa ya mtihani wowote, akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake.

Siku ile muda ulipokwisha mzee alisimama, akaniuliza kama Jumanne ijayo nitakuwepo au nitakuwa nimefungwa kwa wizi. Nikasema nitakuwepo. Akatoka, gambuti miguuni, makubazi kwapani, upande ule ambao mkono wangu usingeufikia.