Swali Nililoiuliza Simu

Nyumbani kwetu simu ilikuwa moja, ya mkwe wangu, mke wa mwanangu. Jumapili asubuhi aliiacha juu ya kabati akaenda kuoga, nami nikaichukua nikaingia nayo chumbani kwangu. Kusoma nasoma, ila polepole, ndiyo maana mjukuu wangu alinifundisha kubonyeza alama ya kipaza sauti na kuuliza kwa mdomo.

Siku nne mfululizo nilikuwa nimemwona mkwe akisukuma sahani kando. Nimezaa watano, mambo hayo sisubiri kuambiwa. Nilijua pia kwamba kiwandani kwao, wanakoshona sare, mkataba ni wa miezi mitatu mitatu, na mwenye tumbo huwa hapewi mwingine. Nikaisogeza simu mdomoni, nikauliza: "Fundi cherehani mjamzito anaweza kufukuzwa kazi?"

Ikanijibu kwamba sheria inamlinda. Nikafurahi, nikairudisha palepale. Sikumwambia mtu. Nilitaka mkwe aniambie mwenyewe siku akiwa tayari.

Jumatatu alirudi kutoka kazini, akakaa bila kuvua viatu.

"Mama, soma hii."

Ulikuwa ujumbe wa msimamizi wao, yule wanayemwita Bwana Saa kwa sababu hata ukienda chooni anakuhesabia dakika. Nikausoma neno moja moja. Kesho, kabla ya kukaa kwenye mashine, alete cheti cha kipimo cha mimba. Bila cheti, hakuna mkataba mpya.

"Sijamwambia mtu," akasema. "Mume wangu nilimsubiri arudi safari. Hata Mama Pacha wa mashine ya jirani hajui. Nani amenichoma, mama?"

Nikakumbuka swali langu la Jumapili. Ndani ya simu ile kulikuwa na programu ya kiwanda. Mafundi waliambiwa ni ya mahudhurio tu. Siku ya kuiweka iliuliza maswali marefu, nao wakabonyeza nakubali, nakubali, kwa kuwa kengele ilishalia. Nilitaka kukiri, nikaona aibu. Nikasema tu, "Kesho nitakusindikiza."

Ofisi ya Bwana Saa ina dirisha dogo linaloelekea ukumbi wa mashine, na kila asubuhi mafundi hupanga foleni hapo kuonyesha simu zao wahesabiwe. Mama Pacha aliponiona nimesimama, akapindua ndoo akanisogezea nikae. Hata salamu hatukuwa tumemaliza.

"Bibi, hapa si zahanati," akasema Bwana Saa.

"Najua, baba. Zahanati hukaribisha watu kiti."

Akamgeukia mkwe. "Cheti kiko wapi?"

"Kwa nini mimi peke yangu?"

Akavuta kompyuta yake, akasoma kwa sauti: "Jumapili, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Fundi cherehani mjamzito anaweza kufukuzwa kazi?"

Yalikuwa maneno yangu, hata moja halikupungua. Mkwe akakunja uso. Saa ile alikuwa bafuni. Akageuka, akanitazama.

Nikainuka kwenye ndoo, nikamgeukia Bwana Saa. "Ni mimi niliyeuliza. Nilikuwa chumbani kwangu, mlango nimefunga. Wewe ulikuwa umekaa wapi, mwanangu?"

Akafunga kompyuta yake.

"Kumbe!" akapaza sauti Mama Pacha. "Kwa hiyo na dawa ya bawasiri niliyotafuta umeisoma?"

Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika, kila mmoja akikumbuka alichouliza yeye.

"Mlikubali wenyewe," akasema Bwana Saa.

"Tulikubali utuhesabu tukifika. Hatukukubali uhamie kwetu." Mama Pacha akaifuta programu mbele yake, akanyoosha mkono dirishani. "Lete daftari la zamani la mahudhurio nisaini."

Wa nyuma yake akaifuta. Na wa nyuma yake. Hakuna aliyekwenda kukaa kwenye mashine. Sare za watu zilitakiwa Alhamisi, na mashine zote zilikuwa kimya. Bwana Saa alitazama saa yake mara tatu. Mara ya nne akafungua droo akatoa daftari.

Mkwe alisaini. "Na cheti?" Bwana Saa akanong'ona.

"Nikiwa na la kukuambia, nitakuambia mwenyewe. Sheria naijua. Mama ameshaniulizia."

Ijumaa mkataba ulikuja, miezi mitatu. Ya baada ya hapo hatuyajui.

Jioni hiyo tulikuwa tunakunja nguo, yeye na mimi.

"Ulijua tangu lini, mama?"

"Tangu sahani ya kwanza."

"Ukaiuliza simu." Aliendelea kukunja. "Siku zote hizo na wewe ulikuwa unanichungulia. Ungeniuliza mimi."

Hakusema kwa ubaya, lakini liliniingia. Nikaweka chini shuka niliyoshika.

"Nisamehe, mwanangu. Basi nakuuliza sasa. Ukitaka, usijibu."

Akauchukua mkono wangu, akauweka tumboni mwake.

"Wiki ya tisa," akasema.